Kutumia "hardly" bila kujiharibia barua ya kazi

Juzi mpwa wangu aliniletea barua ya kuomba kazi katika hoteli moja ya Nyali. Ameandika: "I work hardly." Alikusudia kusema anajituma, kumbe amekiri kwamba kazi ni kama haigusi.

"Lakini mjomba, si quick huwa quickly?"

Huwa. Hard haifuati mkondo huo.

Hatua ya 1. Ukitaka "kwa bidii", andika hard tupu: "I work hard." Ni kama fast, haitaki mkia.

Hatua ya 2. Hardly hukaa kabla ya kitenzi kikuu, na baada ya kitenzi kisaidizi: "I hardly sleep" (ni kama silali), "I can hardly hear you" (ndani ya matatu utaihitaji hii).

Hatua ya 3. Ondoa ukanushi. Hapa ndipo mimi nilipopoteza jioni nzima zamani. Sisi tumezoea kukanusha kwenye kitenzi, "silali", kwa hiyo ulimi unateleza kwenye "I don't hardly sleep". Hardly tayari imebeba "si" yake mgongoni. Ndiyo maana swali la mkiani huja bila not: "He hardly eats, does he?" Vivyo hivyo nobody hugeuka anybody, never hugeuka ever: "hardly anybody", "hardly ever". "Can't hardly" utaisikia kwenye filamu za Marekani; iache hukohuko.

Tena usiamini programu ya kutafsiri ikikupa "kwa shida" kila mara. "I can hardly walk" ni kutembea kwa shida, sawa. Lakini "hardly any sugar" haina shida yoyote ndani yake. Sukari ni kama haipo. Ni kama haipo, si kwamba haipo: kahawa chungu ni "no sugar", chai ya birika zima kwa kijiko kimoja ndiyo "hardly any". Mimi nashikilia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya karatasi, na penseli.

Hatua ya 4. "Hardly had I sat down when the phone rang": hata sijakaa vizuri, simu ikalia. Had hutangulia I, na ni when, si than. Kwenye barua ya kazi usiiguse.

Alipomaliza kurekebisha akaniuliza habari za lately. Mtego uleule: late ni kwa kuchelewa, lately ni siku hizi. Naye alikuwa ameandika "I never come lately."