Mgomo wa wahadhiri ukianza, fanya hivi kabla hujarudi nyumbani

Ukiskia UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma Kenya, washatoa notisi ya mgomo usikimbilie kupaki begi. Ule wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, siku 49, wahadhiri wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, na ni haki yao kabisa, mtu kafanya kazi alipwe. Lakini we uliyepanga Tudor karibu na TUM, chuo kikuu cha kiufundi cha Mombasa, kodi inaendelea kuhesabika tu.

Kwa hiyo enda kwa mwenye nyumba mapema umwambie ukweli, au kama mnaelewana zaidi na keateka, yule msimamizi wa nyumba, pitia kwake, uombe kulipa nusu nusu, maana ukingoja mpaka mlango upigwe kufuli nani atakuskiza? Pesa ya HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiwa imeingia toa kodi kwanza, alafu unga, mchele na maharagwe ya mwezi mzima, coz mahamri na mbaazi za kila asubuhi pale kibandani ndo humaliza pesa polepole.

KUSU, chama cha wafanyakazi wa chuo wasio wahadhiri, nao wakigoma ofisi zinafungwa, so transkripti na barua ya atachimenti uzifuate notisi ikitoka tu.

Kibarua soko la Kongowea ni sawa, ila jioni kaeni hata watu watatu mpitie noti, kwa sababu mgomo ukiisha semesta inabanwa vibaya sana, masomo mpaka Jumamosi, kati (CAT, yaani majaribio ya darasani) juu ya kati, na mtihani haungoji. Na waliyo mwaka wa mwisho wawaambie wazazi mapema kwamba gradyuesheni huenda ikasogezwa, wasije wakaanza michango bure.