Kutayarisha Filamu za Dholuo na Kiswahili Ukiwa Kisumu

Ukitaka kuwa mtayarishaji wa kujitegemea huku kwetu, weka kamera kando kwanza. Vijana wenye kamera wamejaa, kuanzia Kondele hadi Nyalenda. Anayeadimika ni mtu wa kushika bajeti, vibali na kandarasi, anayeweza kuelewana na mzee wa ufuoni kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, asubuhi na kujadiliana bei na mnunuzi wa Dar es Salaam kwa Kiswahili jioni. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Pesa ya kuanzia niliipata matangani. Usicheke. Mazishi ya Siaya na Homa Bay siku hizi hurushwa mubashara mtandaoni kwa ajili ya jamaa walio Marekani na Uingereza. Ukiwa na laini za mitandao miwili, betri za akiba, na waya wa kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwa mtu wa spika, hukosi kazi wikendi. Wateja wengine ni mashirika ya afya na ya uvuvi. Yanataka filamu fupi ambamo wanakijiji wanaongea Dholuo, na manukuu ya Kiswahili au Kiingereza chini ya picha. Hapo toza lugha zako. Tafsiri iwe na mstari wake kwenye ankara; ukiificha ndani ya uhariri, mteja ataizoea kuwa bure.

Ukifikia filamu yako mwenyewe, lugha huamuliwa kwenye skripti. Andika kila maongezi kwa lugha yatakayosemwa. Mama na mwanawe wanagombana kwa Dholuo. Kituoni kwa polisi wanahamia Kiswahili. Mtu wa boda anachanganya zote, maana ndivyo anavyoongea. Ukimwachia mwigizaji achague siku ya kurekodi, tukio moja litatoka na lugha tatu katika majaribio matatu, na mhariri hatakuwa na pa kuunganisha. Angalia pia matamshi: Dholuo ya Alego si ya Kusini mwa Nyanza. Mkiwapa baba na bintiye lafudhi mbili bila sababu, ukumbi wa Kisumu utacheka mahali ulipotaka walie.

Makaratasi sasa, na hapa sina mzaha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga filamu itakayoonyeshwa kwa umma. Ukitaka droni, kuna idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na usisahau kwamba uwanja wa ndege wa Kisumu uko pale pale kando ya ziwa. Ufuoni Dunga kamuone mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla ya kupeleka gari la vifaa. Leseni ya Nairobi haiwafanyi wavuvi wakusogezee mashua.

Halafu kandarasi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo mwandishi wa skripti atie sahihi kabla hujatumia shilingi. Mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, vilevile, hata kama ni mjomba wako. Asiyesoma Kiingereza mpe kandarasi ya Kiswahili, na umsomee kwa Dholuo mbele ya shahidi. Kwa wimbo uliokwisha rekodiwa unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Ndiyo maana mimi huzima redio ya hoteli kabla ya kurekodi maongezi; ohangla, muziki wa Wajaluo, nitaiweka baadaye, ile niliyoilipia.

Ziwa lina mambo yake. Gugumaji husukumwa na upepo: leo maji meupe, kesho ghuba ni shamba la kijani, na watazamaji wataona. Maliza matukio yote ya pembe moja ya ufuo siku moja. Maongezi yarekodi asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaingia kwenye maikrofoni. Ndani ya nyumba piga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinaweza kupepesa ukiweka vingine.

Manukuu yatengee pesa tangu mwanzo. Kadirio langu ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na msomaji apewe kama herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usitafsiri kila kitu. Chukua kinachobeba tukio. Maandishi meupe juu ya maji yanayong'aa hayasomeki, yawekee kivuli. Kisha mtafute mtu wa Kakamega asiyejua Dholuo, zima sauti, aitazame, akusimulie hadithi. Akipotea mahali, rekebisha hapo.

Unapokamilisha, toa nakala moja isiyo na maandishi, faili la manukuu peke yake, na sauti zilizogawanywa: maneno, muziki, mazingira. Kituo kikitaka kuingiza sauti za Kiswahili, hakitaharibu muziki wako. Peleka filamu KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, ipewe daraja ya umri wa watazamaji kabla ya kuionyesha.

Soko la Dholuo haliishii Kisumu. Rorya, ng'ambo ya mpaka Tanzania, wanaielewa bila manukuu. Kiswahili kinakufikisha ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar. Na wapo watakaokushauri ujaze Kiingereza ndio filamu iuzike nje. Wakumbushe kwamba tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa inadai zaidi ya nusu ya maongezi yasiwe ya Kiingereza. Ukishahakikisha hilo, anza na tamasha lenye tarehe ya karibu zaidi ya kufunga maombi, na usome kanuni zake za manukuu kabla ya kulipa ada.