Panki ya dakika mbili: kazi yote iko mkono wa kulia

Kwa wengi wetu panki ni nywele kwanza, muziki baadaye. Hapa ni muziki: ule uliochipuka New York mwaka 1974 na kulipuka London miaka miwili baadaye, na namna ya kuupiga ukasikika ni wenyewe, si roki iliyoharakishwa.

Kabla ya kushika gitaa, sikiliza vitu viwili kwa mfululizo. Cha kwanza ni Bohemian Rhapsody ya Queen, 1975: dakika 5 na sekunde 55, sauti za watu watatu tu, akiwemo Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, zimepandishwa tabaka juu ya tabaka kwenye mkanda wa njia 24 hadi zikawa kwaya nzima. Cha pili ni albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, Aprili 1976: nyimbo 14 ndani ya dakika 29 hivi, kwa gharama ya dola 6,400 hivi. Ule wimbo wa Queen utaupenda maisha yako yote na huenda usiupige hata siku moja. Ya Ramones unaweza kuipiga Jumamosi ijayo, vibaya, na Jumamosi inayofuata, afadhali kidogo. Kwa maoni yetu ndiyo sababu panki haichuji: kila kizazi cha wasikilizaji wake kinazaa bendi. Mwanzoni mwa 1977 kijarida kimoja cha Uingereza, Sideburns, kilichora kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), A, E na G, kikamwambia msomaji basi sasa aunde bendi. Mchoro ule ni wa kweli ila una pengo: unaonyesha mkono wa kushoto peke yake. Mkono wa kulia msomaji aliachiwa ajitafutie, na huko ndiko wengi wanakopotelea mpaka leo. (Kama wewe ni shoto, geuza kila tunachosema.)

Albamu hiyo ya Ramones ina msaada mkubwa kwa anayejifunza: gitaa limewekwa upande mmoja wa spika na besi upande wa pili. Vaa hedifoni, toa sikio moja, utabaki na gitaa na ngoma. Badilisha sikio, utabaki na besi na ngoma. Hakuna mwalimu wa bei rahisi kuliko huyo.

Vyombo kwanza, kwa kifupi. Gitaa lolote la umeme linafaa. Johnny Ramone alitumia Mosrite ambayo wapiga gitaa wengi wa wakati ule hawakuitamani. Steve Jones wa Sex Pistols alikuwa na Gibson Les Paul. Joe Strummer wa The Clash alishika Telecaster. Nyuzi zisiwe nyembamba mno: seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) ni ya chini kabisa, 11 hadi 48 ni bora, kwa sababu uzi laini ukigongwa kwa nguvu unapanda sauti kidogo kabla ya kutulia, na kodi nzima inasikika imepotoka hata kama umeiweka sawa dakika moja iliyopita. Piki, kile kijiplastiki cha kuchapia nyuzi, iwe ngumu, milimita 0.88 hadi 1. Nyembamba inakunjika na kuchelewa kurudi.

Kwenye amplifaya kosa ni lile lile kila siku: mkwaruzo (kitufe cha gain) mwingi mno. Ukiwa chumbani peke yako mkwaruzo mwingi unapendeza, ila ngoma zikianza gitaa linageuka mvumo wa nyuki. Weka mkwaruzo 5 kati ya 10, sauti nene 4, za kati 7, kali 6, kisha pandisha sauti kubwa yenyewe. Usishushe sauti za kati hata kama peke yake zinakera. Sauti nene ni mali ya besi, kali ni mali ya matoazi. Za kati ndilo shamba pekee la gitaa.

Sasa kodi. Kidole cha shahada kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Cha pete kwenye uzi wa tano, freti ya 7. Kidole kidogo kwenye uzi wa nne, freti ya 7. Hiyo ni A ya panki: noti yenyewe, ya tano yake, na yenyewe tena juu. Sogeza umbo lote hadi freti ya 3, unayo G. Hamisha umbo lianzie uzi wa tano freti ya 7, unayo E. Tumbo la kidole cha shahada liguseguse nyuzi nyembamba zilizobaki ili zisilie.

Kwa nini noti ya tatu, ile inayotofautisha kodi ya furaha na ya huzuni, imeachwa? Wengi watakwambia ni uvivu. Ni hesabu. Amplifaya ikikwaruza, inazaa noti za ziada ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti ya mitetemo kati ya kila noti mbili. A ya hapo juu inatetema mara 110 kwa sekunde, E mara 164.8, A ya juu mara 220. Tofauti zake ni 54.8 na 55.2, karibu kabisa na 55, ambayo nayo ni A, ya chini zaidi. Kwa hiyo amplifaya inakuongezea besi bure. Sasa bana kodi kamili ya nyuzi sita kwenye freti ile ile ya 5: noti ya tatu iko kwenye 277.2 na E ya juu yake kwenye 329.6. Kutoka 220 hadi 277.2 ni 57.2, kutoka 277.2 hadi 329.6 ni 52.4. Una 52.4, 55 na 57.2 kwa pamoja, zinagongana, na sikio linasikia mtikisiko kama wa feni mbovu. Ijaribu: mkwaruzo 8, kodi ya vidole vitatu, halafu kamili. Huhitaji kusadiki.

Johnny Ramone mwenyewe mara nyingi alibana kodi kamili, na ikasikika safi kwa sababu mkwaruzo wake ulikuwa wa kiasi. Ukipenda njia yake, shusha mkwaruzo hadi 3 au 4.

Tufike kwenye mkono. Blitzkrieg Bop, wimbo wa kwanza kwenye albamu ile ya Ramones, inakwenda kwa mapigo 176 hivi kwa dakika, na kila pigo lina michapo miwili ya gitaa. Hiyo ni michapo 352 kwa dakika, karibu sita kwa sekunde, yote ya kushuka. Hakuna wa kupanda. Anayetoka kwenye gitaa la rithimu atauliza kwa nini ajitese, maana kushuka na kupanda kunapunguza kazi nusu. Jibu linasikika mara moja ukirekodi vyote viwili kwa simu. Mchapo wa kushuka unaanza na nyuzi nene na una uzito wa mkono; wa kupanda unaanza na nyembamba na ni mwepesi. Ukichanganya unapata kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, na wimbo unaanza kuchezacheza kiuno. Roki kongwe inautaka mchezo huo. Panki ya aina hii inataka ukuta.

Shika piki ibakie milimita 4 tu nje ya vidole. Mkono uchezee kwenye kifundo, kiwiko kikifuata kwa mbali. Safari ya piki iwe fupi: vuka nyuzi tatu, rudi, kama sentimita 3 hivi. Wanaoshindwa kasi karibu wote wanachapa hadi chini ya gitaa kisha wanarudi safari ndefu bure. Ukanda wa gitaa ulete gitaa usawa wa mkanda wa suruali. Picha za wakali wakilivaa magotini zinavutia, lakini kifundo kikikunjwa hivyo kwa saa nzima kitauma, na utaacha kujifunza kabla hujafika popote.

Anza na mapigo 120 kwa dakika, michapo miwili kila pigo, kodi moja tu, dakika mbili bila kusimama. Ukimaliza mkono ukiwa laini, ongeza 5. Ukikaza, rudi 10. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Saa mbili za Jumapili hazijengi chochote isipokuwa maumivu. Jirekodi na usikilize mchapo wa saba na wa nane wa kila hatua, yaani kila mapigo manne: hapo ndipo sauti inaposhuka mkono ukichoka, na hutaisikia ukiwa unapiga. Uchovu kwenye msuli wa mkono ni kawaida. Maumivu makali au ganzi kwenye vidole, weka gitaa chini siku hiyo.

Besi inafanya kazi ile ile, piki ile ile, noti moja ya kila kodi, michapo minane kwa hatua. Paul Simonon wa The Clash alianza akiwa na majina ya noti yamepakwa rangi kwenye shingo ya besi, kwa hiyo usione haya kubandika karatasi. Kosa la besi ni kupamba. Kila noti ya ziada inayopendeza inatoboa ukuta.

Ngoma: tuazi la mguu (hi-hat) linapigwa kwa kijiti mara nane kwa hatua, sineya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwenye pigo la pili na la nne, ngoma kubwa kwenye la kwanza na la tatu. Tommy Ramone hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa meneja wa bendi, akakalia kiti kwa kuwa waliojaribiwa walipiga vitu vingi mno. Tatizo la kudumu hapa ni kukimbia. Mpiga ngoma akifika kiitikio anaongeza kasi bila kujua, gitaa linafuata, na mwishoni hakuna anayeweza kuimba maneno. Fanyeni mazoezi na metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo kwa kasi moja, kwa sauti ya chini, ngoma zikiwa zimefunikwa taulo. Kilichoharakishwa kwa bahati mbaya hakisikiki kama nguvu, kinasikika kama woga.

Muundo wa wimbo sasa ni hesabu ya sokoni. Kwa mapigo 176, dakika mbili ni hatua 88. Zigawe: utangulizi 8, beti 16, kiitikio 8, beti 16, kiitikio 8, daraja (kipande tofauti cha kuvunja mazoea) 8, beti fupi 8, kiitikio cha mwisho 16. Beti iende A na G, kiitikio kianze na E. Mstari mmoja wa maneno ukae ndani ya hatua mbili, sekunde 2.7, maana yake silabi kumi hadi kumi na mbili na pumzi. Kiswahili kina maneno marefu, hivyo utapunguza zaidi ya Mwingereza. "Hatutahangaika" peke yake imekula nusu ya mstari.

Solo? Weka kama una jambo. Bendi ya Buzzcocks kwenye wimbo wao Boredom waliweka solo ya noti mbili tu zinazorudiwa na kurudiwa, na watu wanaikumbuka kuliko nyingi za dakika tatu.

Wimbo huo uko kwenye Spiral Scratch, rekodi inayofaa kuigwa na asiye na pesa. Iliingizwa siku moja huko Manchester, tarehe 28 Desemba 1976, kwa pauni 500 za kukopa, na nakala 1,000 za kwanza zilitoka Januari 1977 kwa lebo, yaani kampuni ya rekodi, waliyoianzisha wenyewe. Siku hizi pauni hizo huzihitaji. Chumba kimoja, simu moja: ngoma pembeni, blanketi ukutani mkabala nazo, amplifaya juu ya kiti ili sakafu isivimbishe sauti nene, mwimbaji kwenye spika ndogo inayoelekea simu. Simu ikae mita 3 kutoka kwenye ngoma, usawa wa kifua. Piga nusu dakika na usikilize. Sineya ikipasuka, sogeza simu mbali kabla ya kushusha sauti. Gitaa likizidi besi, geuza kiti cha amplifaya, usiguse namba ulizoweka.

Msidhani lakini kwamba uchakavu ndio sharti. Albamu ya Sex Pistols ya 1977 ina magitaa ya Steve Jones yaliyopandishwa juu ya mengine, na mtayarishaji wake Chris Thomas ndiye aliyesimamia mchanganyo wa albamu ya Pink Floyd ya 1973. Walirekodi Wessex, London, studio ambamo Queen nao walikuwa wanarekodi mwaka huo huo. Ukiwa na programu ya njia mbili, rekodi gitaa mara ya pili lile lile bila kubadilisha kitu, moja kushoto, jingine kulia. Usinakili la kwanza na kulibandika. Nakala mbili zinazofanana kabisa hazipanui chochote, ni tofauti ndogo za mkono zinazofanya ukuta uwe mpana.

Na kabla ya kuanza, mtu mmoja ahesabu hadi nne kwa sauti, kwa kasi halisi ya wimbo. Nyie wote imbeni kiitikio kimoyomoyo kwanza, mpate kasi yake, ndipo aseme moja.