Kabla hujafungua shauri la talaka, tazama tarehe ya hati ya Baraza

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa ya daftari, imekunjwa mara nne: "Nimekuacha talaka moja." Nikadhani yamekwisha. Nilipotaka mgawo wa nyumba yetu ya Makorora ndipo nikaelezwa kwamba mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka na kugawa mali, nayo inataka kwanza mpitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Basi anzia huko. Hapa Tanga Waislamu wengi tunakwenda BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Makanisa nayo yana mabaraza yao. Mtaitwa wote wawili, msikilizwe. Mume akiukaidi wito kwa makusudi, usikate tamaa, sheria haikufungii njia.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, litakupa hati. Isome palepale, kabla hujatoka mlangoni. Iseme waziwazi kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya kuwapeleka tu mahakamani haitoshi. Kisha tarehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hati isizidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Yangu niliificha sandukuni, chini ya khanga, nikingoja moyo utulie. Nilipoitoa ilikuwa na miezi 8. Karani aliweka kidole juu ya muhuri wa bluu, akahesabu miezi taratibu, akanirudishia. Nilianza upya, na kumkalia tena yule bwana uso kwa uso kuliniumiza kuliko mara ya kwanza.

Mahakama ya Mwanzo inapokea mashauri haya. Katika ombi lako taja mlifunga ndoa lini na wapi, majina na umri wa watoto, mashauri ya ndoa yaliyotangulia kama yapo, na kilichoivunja ndoa. Ambatisha cheti cha ndoa. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Sehemu ya unachoomba, shoga yangu, usiandike "talaka" peke yake. Andika na mgawo wa mali, malezi ya watoto na matunzo yao. Kusanya risiti za mabati na saruji, hata zilizofifia. Na kama hukuwa na mshahara, usiache kudai: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika kwako, kufua na kulea, vyote viandike.