Ukungu wa viazi: mjue adui kabla ya kununua dawa

Mwaka 1876 mwanasayansi Mjerumani Anton de Bary alikipa kimelea kinachoozesha viazi mviringo jina Phytophthora. Aliliunga kwa Kigiriki cha kale: phyton ni mmea, phthora ni maangamizi. Wala hakutia chumvi. Kimelea hicho kilikuwa kimeingia Ireland mwaka 1845, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja.

Sisi tunauita ugonjwa huu bakajani chelewa, au ukungu tu. Hapo kwenye "ukungu" ndipo pesa za mkulima zinapopotelea. Kundi la kimelea hiki huitwa oomaisiti, yaani oon, yai, na mykes, uyoga; lakini hilo la uyoga limebaki jina tu. Siku hizi inajulikana kuwa si kuvu halisi, ni ndugu wa mwani, na mbegu zake huogelea kwenye tone la maji juu ya jani. Ndiyo maana kabendazimu, dawa nzuri kwa kuvu wengi, hapa haifui dafu. Muuzaji wa pembejeo akikwambia "hii inamaliza ukungu wote", geuza pakiti usome maandishi madogo. Unatafuta mankozebu ya kukinga, au mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili au saimoksanili ugonjwa ukishabisha hodi. Usirudie metalaksili msimu mzima, kimelea huizoea.

Kagua shamba asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Tafuta baka la kijani kiza, kama jani limemwagiwa maji ya moto, kisha geuza jani: pembezoni mwa baka, upande wa chini, utaona utando mweupe. Jua likipanda unaweza usiuone. Baka kavu lenye duara ndani ya duara ni bakajani tangulia, ugonjwa mwingine.

Mankozebu haiponyi jani lililokwisha kuugua, kwa hiyo pulizia mapema mawingu na baridi vinapoanza, na bomba lifike chini ya majani. Ng'oa viazi maotea, na usipande jirani na nyanya, maana ugonjwa ni uleule. Pandishia udongo vizuri ili mvua isishushe vimelea hadi kwenye viazi. Wiki mbili kabla ya kuvuna, kata mashina yote uyatoe shambani, ngozi ya viazi ikomae.