Lini Umpandishe Chipukizi: Hesabu ya Klabu ya Besiboli ya Marekani

Klabu ya ligi kuu ya besiboli (MLB) inaweza kukosea kwa namna mbili: kumpandisha chipukizi kutoka ligi za chini mapema, au kumwacha akae chini hadi achuje. Makosa haya hayalingani uzito. Aliyepanda mapema hurudishwa, akarekebisha kasoro, akapanda tena. Aliyecheleweshwa ameshaigharimu timu mechi ambazo hazirudi, na tangu mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya ligi na wachezaji anaweza kuigharimu hata nafasi ya ziada kwenye drafti (uteuzi wa kila mwaka wa vijana wapya). Kwa hiyo pima mchezaji kwanza, kisha nafasi ya kucheza, na kalenda iwe ya mwisho. Klabu nyingi zimezoea kuanzia kwenye kalenda.

Pima mchezaji

Ngazi za chini hupanda hivi: ligi za wanaoanza, Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Chujio halisi ni Double-A. Huko warushaji wanaweza kurusha mpira wa kupinda hata wanapokuwa nyuma kwenye hesabu (mipira mibaya imezidi straiki), na mpigaji aliyezoea kusubiri mpira wa kasi huumbuka. Triple-A ina wakongwe wengi waliowahi kuonja ligi kuu, lakini warushaji wenye kasi kali na shabaha kwa pamoja ni wachache, kwa sababu hao wameshapandishwa.

Usianze na wastani wa kupiga (sehemu ya zamu zinazoleta mpigo). Mechi 20 za moto hazithibitishi kitu. Subiri zamu za kupiga kama 150 katika ngazi moja, kisha tazama mambo matatu: anatolewa kwa straiki tatu mara ngapi, anapewa besi ya bure (baada ya mipira minne mibaya) mara ngapi, na anafukuza mara ngapi mipira iliyo nje ya eneo la straiki. Kwa makadirio ya kazi, mpigaji wa Triple-A anayetolewa kwa straiki chini ya asilimia 22 yuko pazuri. Akipita asilimia 30, mwache hapo hata kama anapiga homurani (mpira unaovuka ukuta wa uwanja) kila wiki, maana warushaji wa juu watalipata tundu hilo ndani ya siku kumi. Halafu tenga zamu alizokutana na mpira wa maili 95 kwa saa (kilomita 153) na zaidi. Mpira wa kasi wa kawaida wa MLB ni kama maili 94, kwa hiyo anayehangaika hapo hajafika.

Angalia pia uwanja. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Reno na Salt Lake zina tabia hiyo hiyo. Homurani za huko zipunguze thamani, usome badala yake kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo.

Juan Soto mwaka 2018 alianza msimu Single-A, akacheza mechi 8 tu za Double-A, na Mei 20 akawa na Washington Nationals akiwa na miaka 19. Alimaliza na homurani 22 na kiwango cha kufika besi cha .406, yaani zamu kama 4 kati ya 10. Wengi husimulia umri wake. La kujifunza ni jicho lake: hakufukuza mipira mibaya, na jicho huhama ngazi pamoja na mchezaji kuliko nguvu. Upande wa pili yuko Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na kufika ligi kuu Aprili 2017, wa kwanza kuzaliwa Afrika kufika huko. Ulinzi wake ulisifiwa tangu mapema, ila gongo ndilo lililochelewa.

Mrushaji ana mtego wake. Ligi za chini hucheza Jumanne hadi Jumapili na kupumzika Jumatatu, hivyo mrushaji anayeanza mechi hurusha mara moja kwa wiki. Ligi kuu ina mechi 162 katika siku 187 hivi, na zamu yake hurudi kila siku ya tano au ya sita. Kabla ya kumpandisha, mpangie angalau mara tatu kurusha baada ya siku nne au tano za mapumziko, na uangalie kasi yake kwenye iningi (kipindi cha mchezo) ya tano. Ikishuka maili mbili, mkono haujazoea. Hakikisha pia ana aina ya tatu ya mpira anayoiamini, la sivyo wapigaji watamsoma wakifika zamu ya tatu dhidi yake. Mdakaji, anayepokea mipira ya mrushaji, mpe muda zaidi ya wengine wote, kwa sababu lazima ajifunze warushaji wake kabla ya kufikiria gongo.

Hakikisha kuna nafasi

Chipukizi wa kukaa benchi ni hasara tupu. Kama hataanza mechi tano kwa wiki, abaki Triple-A. Kama nafasi yake imejaa, mfundishe nafasi nyingine huko chini kwa mwezi mzima kabla ya simu kupigwa. Kujifunza besi ya pili mbele ya mashabiki elfu arobaini huku ukijaribu kupiga mpira wa maili 97 ni kazi mbili kwa wakati mmoja.

Sasa fungua kalenda

Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu. Baada ya miaka 6 mchezaji yuko huru kwenda anakotaka. Msimu wa siku 187 ukimwacha chini siku 16, anaishia na 171, na klabu inabaki naye mwaka wa saba. Chicago Cubs walifanya hivyo kwa Kris Bryant mwaka 2015: alipiga homurani 9 katika mechi za maandalizi, akapandishwa Aprili 17, akaishia na siku 171. Alilalamika rasmi, na akashindwa mwaka 2020.

Hesabu hiyo sasa ina miiba. Anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za Chipukizi Bora wa Mwaka hupewa mwaka mzima hata akipanda kwa kuchelewa. Paul Skenes alipandishwa na Pirates Mei 11, 2024, akashinda, na mwaka akaupata. Klabu haikupata nafasi ya drafti, kwa sababu zawadi hiyo inataka chipukizi awe kwenye angalau orodha mbili kati ya tatu za chipukizi 100 bora, aanze na siku chini ya 60 za utumishi, na atimize mwaka mzima kama chipukizi. Akishinda tuzo ya Chipukizi Bora, au akiingia tatu bora za MVP (mchezaji bora) au Cy Young (mrushaji bora) kabla ya kufikia usuluhishi wa mishahara (hatua ambayo msuluhishi huamua mshahara wasipoelewana), klabu huongezewa nafasi baada ya raundi ya kwanza. Seattle Mariners waliipata kwa Julio Rodríguez, waliyeanza naye siku ya kwanza ya msimu wa 2022.

Njia ninayoipendelea ni kumpandisha mwisho wa Agosti. Hadhi ya chipukizi hupotea mtu akipita zamu rasmi 130 za kupiga (besi za bure hazihesabiwi), iningi 50 za kurusha, au siku 45 kikosini. Arizona Diamondbacks walimleta Corbin Carroll Agosti 29, 2022, na Baltimore Orioles wakamleta Gunnar Henderson Agosti 31. Carroll alimaliza na zamu 104, Henderson na 116. Wote wawili wakaonja ligi kuu, wakarudi 2023 wakiwa bado chipukizi, wakashinda tuzo, na klabu zote mbili zikapata nafasi zao. Mpe mtu kazi ya kuhesabu zamu hizo kila usiku.

Kumchelewesha hadi Juni ili asiingie mapema kwenye usuluhishi wa mishahara hufaa tu kwa ambaye bado ana kitu cha kujifunza. Kwa aliye tayari, ni kubania.

Akishapanda

Mpe zamu 100 hadi 150 kabla ya kuamua. Mike Trout alikuwa na wastani wa kupiga wa .220 katika mechi 40 za 2011, na mwaka uliofuata akawa Chipukizi Bora. Kinachokuruhusu kumrudisha mapema ni namna anavyoshindwa. Jackson Holliday wa Orioles, Aprili 2024, alipata mipigo 2 katika zamu 34 na kutolewa kwa straiki mara 18. Huko si kukosa bahati, ni kutoguswa kwa mpira, na kumrudisha baada ya mechi 10 kulikuwa sawa.

Ukimrudisha, kumbuka kwamba siku 20 au zaidi chini hutumia mwaka mmoja kati ya mitatu ambayo klabu ina ruhusa ya kumshusha, na kwa msimu mmoja huwezi kumshusha zaidi ya mara tano. Isipokuwa anapoitwa tena kuziba pengo la majeruhi, mpigaji lazima akae chini siku 10 na mrushaji 15. Mwandikie kabla hajaondoka jambo moja, au mawili tu, la kurekebisha, na kocha wa Triple-A apewe karatasi hiyo hiyo.