Kununua na kupanda mtufaha wa mizizi mitupu nyumbani

Mche wa mizizi mitupu hung'olewa kitaluni msimu wa baridi ukiwa umepukutisha majani, ukakung'utwa udongo na kuuzwa bila kiriba, yaani ule mfuko wa nailoni wenye udongo. Ni mwepesi kusafirisha, na mizizi yake unaiona yote kabla hujatoa pesa, jambo ambalo kwa mche wa kiriba haliwezekani. Tatizo lake kubwa ni ukavu. Vinyweleo vinavyonyonya maji hufa haraka vikiachwa juani au kwenye upepo, huku shina likiendelea kuonekana zima.

Maelezo haya ni ya mtufaha wa nyanda za juu zenye baridi: Njombe, Makete, Lushoto, Limuru na kwingine kama huko. Pichi na plamu hupandwa vivyo hivyo. Aliye Dar es Salaam au Mombasa asijisumbue, joto la pwani haliupi mti usingizi unaouhitaji ili uchanue vizuri.

1. Chagua aina mbili

Anna na Dorsett Golden hazidai baridi kali, na huchanua kwa pamoja kiasi cha kuchavushana. Ukipanda Anna peke yake, na jirani hana mtufaha, utapata maua mengi na matunda ya kuhesabu. Muulize pia mwenye kitalu amebebesha, yaani ameunganisha kikonyo cha aina hiyo, juu ya shina gani la chini lenye mizizi. Shina la chini liitwalo MM.106 hutoa mti wa wastani unaofaa ua wa nyumba, ila haupendi maji yaliyotuama: huoza shingoni.

2. Kagua kabla ya kulipa

Kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pawe na ukijani wenye unyevu; ukikuta kahawia kavu, rudisha. Vunja ncha ya mzizi mmoja mwembamba: ndani pawe peupe na pabichi. Mzizi unaovutika gome likabaki mkononi umeoza. Kiungo cha kubebeshea kiwe kimefunga bila ufa, na nailoni ya kufungia iwe imetolewa, la sivyo italinyonga shina likinenepa.

Usivutiwe na mche mrefu. Wenye unene wa sentimita 1 hadi 1.5 na mizizi mingi hushika upesi kuliko mkubwa ambao mizizi yake imekatwa ili uingie kwenye furushi.

3. Safari

Funga mizizi kwa maranda ya mbao au gunia lililoloa, kisha juu yake mfuko wa nailoni uliokazwa shingoni mwa shina. Kwenye basi uende kwenye buti, si juu ya keria. Ukifika na shimo halijawa tayari, chimba mtaro kivulini, ilaze miche kwa mshazari, fukia mizizi na umwagilie.

4. Shimo

Chimba upana wa sentimita 60 na kina cha kutosha mizizi tu. Kwenye udongo mgumu ongeza upana, si kina. Shimo refu lililojazwa udongo laini hudidimia baadaye na kuuzamisha mti. Kwenye mfinyanzi, kuta zilizolainishwa na jembe huwa kama chungu, mizizi ikazunguka humo humo. Zikwaruze kwa uma. Acha mita 3 hadi 4 kati ya mti na mti.

Mbolea ya chumvichumvi isiingie shimoni, huunguza mizizi mipya. Samadi iliyooza kabisa, kama debe moja, itandazwe juu ya udongo baada ya kupanda.

5. Panda

Loweka mizizi kwenye ndoo saa 1 hadi 2. Isilale humo siku nzima, nayo huhitaji hewa. Kata iliyovunjika tu kwa mkasi wa kupogolea.

Tengeneza kichuguu katikati ya shimo, tandaza mizizi pande zote, kisha laza fito juu ya shimo kupima: kiungo kibaki sentimita 5 hadi 10 juu ya usawa wa ardhi. Kikifukiwa, sehemu ya juu hutoa mizizi yake yenyewe, na faida ya shina la chini ulilolilipia imepotea. Rudisha udongo ule ule ukiupenyeza kwa vidole katikati ya mizizi. Shimo likifika nusu, mwaga lita 10 za maji, subiri yanywee, malizia, mwaga 10 nyingine. Maji huondoa mifuko ya hewa vizuri kuliko kukanyaga kwa buti.

6. Baada ya kupanda

Kata shina kwenye sentimita 70 hadi 80, juu kidogo ya jicho zima. Watu wengi hapa mkono huwa mzito, lakini mizizi iliyopunguzwa haiwezi kulisha fimbo ndefu. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yakae mbali na shina kwa kiganja kizima kwa sababu ya mchwa.

Njombe miche hii hupandwa kiangazi, mvua bado ziko mbali, kwa hiyo mwagilia kila mche lita 20 kila wiki hadi mvua zishike. Kuchipua si dalili kwamba mche umeshika: majani ya kwanza hutoka kwa akiba iliyo ndani ya shina. Yakinyauka wiki chache baadaye, chimbua kidogo pembeni uguse udongo kabla ya kuongeza maji. Ukiwa tope, maji ndiyo yaliyozidi.

Matunda ya mwaka wa kwanza yatoe yakiwa madogo. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe yakiwa bado mabichi. Hayo ni ya shina la chini, na yakiachwa yatashindana na aina uliyoinunua hadi yaizidi.